Kivuli cha Nairobi Kina Wenyewe

Jumapili moja ya Oktoba, kabla ya saa moja asubuhi, tulikuwa watu wanne na baiskeli nne kando ya Jogoo Road, tukingoja mmoja wetu amalize kujaza tairi upepo. Nikisema baiskeli nne, usifikirie wale wasee wa kaptula za kubana na miwani inayong'aa. Ya kwanza ilikuwa Black Mamba, ile chuma nzito, ya beste yangu anayesambaza mikate kwa maduka ya mtaa kabla watu hawajaamka. Ya pili, dada mmoja anayesomea uuguzi alikuwa ameiomba kwa kakake, na masharti aliyopewa yalikuwa mengi kuliko gia. Ya tatu ilikuwa ya kukodisha. Yangu nilinunua Gikomba na breki yake ya mbele hufanya kazi ikipenda.

Fom ilikuwa rahisi tu. Tutoke Eastlando, tukate tao kabla matatu hazijajaa, tupande State House Road chini ya mijakaranda ikiwa imechanua, tufike Arboretum, tule mandazi tuliyobeba, turudi. Mimi nilitaka video. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache chuo mwaka wa pili, na kwa wale huniuliza kila wiki kama nitarudi, jibu ni lile lile la wiki jana.

Video ilitoka vibaya, nitakuambia mbona. Lakini kuna swali lilitoka kwa hiyo safari ambalo limenisumbua tangu siku hiyo, na nimesoma vitabu kwa sababu yake kuliko vile nilisoma nikiwa mwanafunzi. Swali lenyewe hata si langu, ni la yule dada wa uuguzi. Tutafika.

Jogoo Road asubuhi ya Jumapili ni tamu, wacha nisikudanganye. Barabara ni pana, hewa bado haijachafuka, kanisa moja liko na kinanda, lile lingine linajibu na ngoma. Ukiwa mdogo uliambiwa inaitwa Jogoo kwa sababu ya alama ya KANU, na ni kweli. Chenye hawakuambii ni kwamba kabla ya hapo iliitwa Doonholm Road, jina la shamba la mzungu mmoja lililokuwa upande huo. Mtaa wa Donholm umebaki na hilo jina mpaka leo, watu wanalipa kodi kwa kumbukumbu ya shamba. Hii ni njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikimwaga wafanyakazi tao na Industrial Area kila asubuhi na kuwarudisha jioni, wengi kwa miguu, wengine kwa baiskeli kama ya beste yangu. Ukiangalia juu, kuna anga tu. Miti ipo mahali kidogo, halafu inakwisha, halafu ni mabango.

Tulipita Landhies, tukakata Haile Selassie, tukatokea Uhuru Highway. Hapo juu kuna Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Baiskeli haziruhusiwi kupanda huko, na hata zingeruhusiwa singekuwa na hizo pesa. Kwa hivyo ukiendesha pale chini, kivuli pekee cha bure unachopata ni cha daraja la kulipia. Miti mingi iliangushwa ndio hizo nguzo zisimame. Mti mmoja tu ndio ulipata wakili mkubwa: ule mugumo wa Waiyaki Way pale Westlands. Novemba 2020 watu walipiga kelele mpaka rais mwenyewe akaamuru usiguswe. Mugumo ni mti wa heshima kwa Wakikuyu, mti wa maombi, na nafurahi uko. Lakini iliyobaki haikuwa na kabila la kuisemea, ikaenda.

Tukafika ile raundabauti ya University Way, tukaingia State House Road.

Sasa, kama hujawahi kupita hapo Oktoba, sijui nikuelezee aje. Barabara inapanda polepole, na mijakaranda imesimama huku na huku ikishikana juu kama watu wanaosalimiana. Maua ya zambarau yako juu, mengine yameanguka yako chini, tairi zinapita juu yake na kutoa sauti ndogo ya kupasuka. Wanafunzi wa hosteli zilizo kando ya hiyo barabara wanajua jakaranda ikichanua mitihani iko karibu. Mimi sikusoma chuo hicho, lakini hata nilikokuwa tulikuwa na huo msemo, na nilisikia tumbo likikaza kidogo. Mwili hukumbuka.

Hapo ndipo dada wa uuguzi akasema, akiwa anahema, "Mbona huku kuna baridi?"

Tulicheka. Lakini alikuwa serious, maana ya watu wa afya, wao huuliza swali wanataka jibu. Tulikuwa tumepanda kimlima, tunatoka jasho, na bado ngozi inasikia ubaridi. Mwenye Black Mamba akasema, "Ni miti." Yeye akajibu, "Najua ni miti. Nauliza mbona iko huku."

Nikaanza kusema kitu, nikagundua sijui.

Jibu la haraka ni la udongo, na ni la kweli nusu. Nairobi imekaa mahali ambapo vitu viwili vinakutana. Upande wa magharibi ni vilima, udongo mwekundu, mvua nzuri, msitu ulikuwa huko tangu zamani. Upande wa mashariki ni mbuga, tambarare, udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika kiatu na jua likiwaka unapasuka. Reli ilipofika hapa Mei 1899 ikitoka Mombasa, ilisimama katikati, kwenye kinamasi, mahali ambapo Wamaasai waliita Enkare Nyirobi kwa sababu ya maji baridi. Wahandisi wa reli walipenda pale kwa sababu ni tambarare, kabla ya kuanza kupanda kwenda Bonde la Ufa. Hawakuwa wanatafuta mahali pa watu kuishi. Walikuwa wanatafuta pa kuegesha treni.

Halafu mji ukaota, na wakubwa wa reli na serikali wakaangalia kile kinamasi, wakaangalia vilima, wakapanda vilimani. Mpaka leo tunaita Upper Hill. Mwaka 1902 tauni ikaingia mtaa wa biashara wa Wahindi, na dawa ya serikali ikawa kuuchoma moto mtaa mzima. Mwaka 1913 Uingereza ikamtuma profesa wa mambo ya afya, W. J. Simpson, aje aangalie miji ya hapa. Ushauri wake ulikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, kila mtu na eneo lake, kwa sababu za afya. Ukisoma mambo kama haya unaona vile neno afya linaweza kubebeshwa mzigo usio wake. Maji safi na mitaro ndiyo ilikuwa inahitajika. Wakaleta ramani.

Kwa hiyo, ile nusu ya udongo ni kweli: mti ungeota haraka zaidi upande wa vilima. Lakini nani alikuwa na ruhusa ya kulala upande wa vilima? Hiyo haikuamuliwa na udongo.

Na hapa niseme kuhusu jakaranda yenyewe, kwa sababu tunaipenda sana mpaka tunadhani ilizaliwa hapa. Jakaranda ni mgeni. Asili yake ni Amerika Kusini, huko Argentina na Bolivia, ikasambazwa kwenye miji ya makoloni kwa sababu ya maua. Kwa hivyo ile zambarau tunayoweka kwenye picha kama sura ya Nairobi ilikuja na watu waliotaka mji uwapendeze wao. Mtu anayetajwa sana ni Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka baada ya uhuru. Aliipanda Nairobi kweli kweli, jakaranda, bogenvilia, ile Uhuru Highway ikiwa bado inaitwa Princess Elizabeth Highway. Alifanya kazi nzuri, sina ugomvi naye. Ila mtu mmoja hachimbi mashimo ya mji mzima. Mashimo yalichimbwa na wanaume waliokuwa wakitembea kutoka Pumwani na Shauri Moyo asubuhi, wamwagilie mche, halafu jioni watoke, kwa sababu pale walipopanda hawakuruhusiwa kukaa.

Huo si utani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1910, mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alilazimika kubeba kipande, kile cheti cha kutembea nacho ndani ya kibweta cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni. Kilionyesha alama za vidole vyako, umeajiriwa na nani, umeachishwa lini. Ukipatikana bila hicho ni kesi. Kando ya hapo kulikuwa na sheria ya uzururaji: ukionekana mjini bila kazi na bila makao ya kueleweka, unaweza kushikwa kwa kosa la kuwa pale tu. Kukaa chini ya mti bila sababu kulikuwa na jina kwenye kitabu cha sheria. Na usidhani hiyo ilikufa 1963. Kenya huru iliendelea kuwa na sheria ya uzururaji mpaka ilipofutwa 1997. Wazazi wetu walikuwa watu wazima.

Rudi barabarani. Tulikuwa tumepita State House Girls, kamera nikaiweka mfukoni kwa sababu ukikaribia ule ukuta mkubwa huchezi na kamera, na hiyo ndiyo sababu video ilitoka vibaya. Ile nyumba iliyoko ndani ilikuwa ya gavana wa Mwingereza, ikiitwa Government House. Uhuru ukaja, jina likabadilika, miti ikabaki. Mbele ya hapo kuna kitu ambacho napenda sana: barabara inayotoka hapo kuelekea Kilimani inaitwa Dennis Pritt Road. Pritt alikuwa wakili Mwingereza aliyeongoza utetezi wa Kenyatta na wenzake watano kule Kapenguria 1952 na 1953. Kesi walishindwa, mteja wake akafungwa, halafu mteja akatoka akawa rais na nyumba ya waliomfunga ikawa ya rais. Wakili akapewa barabara mlangoni. Mtu fulani serikalini alikuwa na ucheshi, ama alikuwa na hasira. Sijaamua.

Tulizunguka tukashuka Arboretum. Hapo tulikula mandazi, na kuna kitu kwenye historia ya mahali hapo ambacho kilinibadilisha mawazo. Nilikuwa nadhani Arboretum ilianzishwa na wapenda ndege. Kumbe ilianzishwa 1907 kama shamba la majaribio. Treni za wakati huo zilikuwa zinachoma kuni, na reli ilikuwa inakula msitu haraka kuliko msitu unavyoota. Kwa hivyo walitaka kujua ni mti gani wa kigeni utaota upesi hapa ili wapande wa kuchoma. Mikaratusi ililetwa Kenya kwa kazi hiyo hiyo, kama mwaka 1902. Ile miti mirefu unayoegemea ukipiga picha za kuhitimu, babu zao walikuwa kwenye mtihani, na zawadi ya kufaulu ilikuwa kuwa kuni. Zaidi ya aina 350 za miti ziko humo leo. Mwenye Black Mamba alisikiliza hadithi yote akitafuna, akasema, "Kwa hivyo hata miti iliajiriwa na reli." Sina la kuongeza hapo.

Ni baada ya Arboretum ndipo tukaharibu mambo kidogo.

Tulikuwa tumeamua kurudi tukipitia Kileleshwa, kwa sababu barabara za ndani huko ni tulivu na zina miti kila upande. Jua lilikuwa limeshaanza kupanda. Baiskeli ya kukodisha ikaanza kutoa sauti kwenye cheni, tukasimama kwenye barabara moja ya pembeni, chini ya jakaranda kubwa nje ya ukuta wa watu. Tukapindua baiskeli, mwenye Black Mamba akaanza kuangalia cheni, sisi wengine tukakaa kwenye nyasi. Nyasi za barabara, si za mtu.

Haikupita dakika tano soja akatoka kwenye geti. Mzee wa umri wa baba yangu, sweta ndani ya joto.

"Vijana, mnatafuta nani?"

"Hakuna, mzee wangu. Cheni imeruka, tunatengeneza tu."

"Hapa hamuwezi kukaa."

Dada wa uuguzi akamwamkia vizuri, akamwonyesha ile cheni. Mzee akaiangalia, akaangalia nyuma kwenye kamera ya geti, akashusha sauti. "Mimi sina shida. Lakini mwenyewe akiangalia hiyo kitu ataniuliza nilikuwa wapi." Halafu akachukua chupa zetu mbili, akaingia nazo, akazirudisha zimejaa maji. Akasema tutengenezee pale kona, ambapo kamera haifiki. Pale kona kulikuwa na jua.

Sikumkasirikia. Alikuwa analinda kazi yake. Lakini lile swali, mnatafuta nani, lilikaa na mimi njia nzima. Hakuuliza mnafanya nini, kwa sababu hiyo alikuwa anaiona. Aliuliza mnatafuta nani, maana yake, ni mtu gani wa hapa anayefanya nyinyi muwe na haki ya kuwa hapa. Ni kipande kile kile, sema tu siku hizi hukining'inizi shingoni.

Sasa ngoja nikuambie kitu nilichokuja kusoma baadaye, na ndicho kilinifanya niandike yote haya.

Kileleshwa ilikuwa kijiji cha Waafrika.

Si mamia ya miaka iliyopita. Nairobi ilipoanza, kabla mipango haijakaza, kulikuwa na vijiji kadhaa vya Waafrika vimetawanyika mjini: Pangani, Maskini, Kaburini, kimoja kinaitwa Mombasa, na Kileleshwa. Wengi walioishi humo walikuwa wapagazi wa zamani, askari waliostaafu, wafanyabiashara wadogo, akina mama waliojijengea nyumba za kupangisha, Waislamu wengi, wanaozungumza Kiswahili. Ukitaka kujua Kiswahili cha Nairobi kilianza wapi, anzia kwa hao. Miaka ya 1920 serikali ya mji ikaanza kuvivunja kimoja kimoja na kuwasukuma watu Pumwani, mtaa uliofunguliwa mwanzoni mwa muongo huo kama makao rasmi ya Waafrika, upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, mbali na vilima. Kileleshwa ilivunjwa kwenye muongo huo huo. Pangani ilishikilia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, halafu nayo ikaenda, wenyewe wakapelekwa Shauri Moyo. Hilo jina lisome polepole.

Kwa hivyo pale nilipoulizwa ninatafuta nani, kuna watu waliwahi kuwa na nyumba, mahali pa kuswali na makaburi, na wakaondolewa ndio mahali pawe pa bustani na kivuli. Miti iliyopandwa baadaye ikafunika kila kitu. Ndiyo maana barabara hizo zinaonekana kama zimekuwa hivyo tangu Mungu aumbe. Mti ni mzuri sana kwa kazi hiyo. Ukuta ukiuona unajua kuna mtu ameujenga, lakini mti mkubwa ukiuona unadhani umejiotea.

Najua mtu ataniambia, sawa, lakini udongo mweusi je? Si umesema mwenyewe huko Eastlando miti haiwezi?

Sikusema haiwezi. Na jibu liko Kaloleni, ambayo tumepita mbele yake maisha yetu yote. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakiwa sehemu ya mafundi, kwa fikra ya mtaa wa bustani: nyumba ndogo za mawe na vigae vyekundu, nyasi katikati, social hall, na miti. Miti mingi. Ingia ndani kutoka Jogoo Road hatua chache tu utaiona, mikubwa, kwenye udongo ule ule mweusi. Ni mahali pa wafanyakazi Waafrika, na mtu alipoamua wapate kivuli, kivuli kiliota. Ile hall wazee bado wanaizungumzia kama bunge, Tom Mboya na wenzake walisimama humo kuongea na watu. Sidhani ni bahati kwamba mtaa uliokuwa na mahali pa kukaa kwenye kivuli ndio ulikuwa mahali pa kupanga mambo. Watu waliosimama juani hawaongei sana, wanaenda nyumbani.

Halafu 1948 ukaja ule mpango mkubwa wa jiji, wa kuifanya Nairobi mji mkuu wa koloni, na ndani yake mitaa ya wafanyakazi ikaendelea kupangwa mashariki, karibu na viwanda na reli. Watu wakaongezeka haraka, nyumba zikawa ni za kubana, na fikra ya bustani ikaachwa njiani. Na tarehe 24 Aprili 1954 Eastlands ilizingirwa na askari, operesheni ile ya Anvil, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakusanywa, wakakaguliwa, zaidi ya 20,000 wakapelekwa kambini. Guka wa yule mwenye Black Mamba alikuwa mmoja wao. Alikuwa na baiskeli, familia inasema, na baiskeli haikurudi. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo beste yangu huipenda kuisimulia, baiskeli, kwa sababu iliyobaki guka hakuwahi kuizungumzia.

Lakini sitaki tubebeshe Wazungu kila kitu, kwa sababu wameondoka miaka zaidi ya 60 na miti huota ndani ya 15. Mijakaranda ya barabara za ndani ya Eastlands ingekuwa sasa ni mizee, kama mtu angeipanda 1970. Wakati huo tulikuwa tunabadilisha majina. Delamere Avenue, ile pana ambayo watu wanasema ilipimwa ili mikokoteni ya ng'ombe igeuke, ikawa Kenyatta Avenue, sanamu ya Delamere ikaondolewa, sawa kabisa. Doonholm ikawa Jogoo. Ilikuwa rahisi, kibao ni kibao. Kivuli tuliacha pale tulipokikuta, na wakubwa wapya wakahamia chini yake.

Na kila mara mtu wa kawaida alipojaribu kushika kivuli cha mji, imekuwa vita. Mwaka 1989 walitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akakataa, akatukanwa hadi bungeni, ghorofa haikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale pale kwenye kona ya bustani, Freedom Corner, wakapigwa na polisi, wengine wakavua nguo. Januari 1999 Maathai akaenda kupanda mche Karura, akapasuliwa kichwa. Mche. Kuna kitu kuhusu Mkenya wa kawaida kukaa chini ya mti kinachowatia watu fulani wasiwasi, na ukishaanza kukiona huwezi kuacha kukiona.

Tulirudi saa sita na kitu. Kama asubuhi Jogoo Road ilikuwa tamu, saa sita ilikuwa karai. Lami inarudisha joto usoni, njia ya baiskeli imejaa viatu na nyanya, huwezi kulaumu mama anayeuza hapo, matatu zinakuja kwa upande ambao hazifai. Nilimwambia dada wa uuguzi, unaona sasa. Akaniambia wodini huwa anawaona watu wa kazi za juani, mafundi wa mjengo, wachuuzi, wanaletwa wakiwa wameanguka, na kitu cha kwanza wanachofanyiwa ni kuwekwa kwenye kivuli na kupewa maji. "Hiyo ni dawa bei rahisi kuliko zote," akasema. Halafu akanyamaza kwa sababu kimlima kilikuwa mbele, na kakake alikuwa amempigia simu mara tatu.

Mimi nilipata pancha karibu na Kaloleni. Msumari, wa kawaida. Tukasukuma baiskeli ndani ya mtaa mpaka kwa fundi anayekaa chini ya mti mkubwa na karai lake la maji na viraka. Kulikuwa na wazee wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, watoto wanaruka kamba, mama mmoja anakaanga samaki. Tukakaa kwenye mizizi. Fundi akazamisha tyubu ndani ya maji, akatafuta vile viputo, akaniambia shilingi 50, nikalia bei, akanipunguzia kumi.

Tulikaa hapo karibu saa nzima. Mzee mmoja wa drafti alituuliza kama tuna njaa.